Kiwanja cha Pete

Shuleni kwetu viwanja vilikuwa viwili, na kila mtoto alijua kipi ni cha nani. Kile kikubwa, chenye magoli ya miti ya mkaratusi, kilikuwa cha wavulana. Cha pete kilikuwa cha wasichana: kidogo, kimebanwa kati ya ofisi ya walimu na ua wa minyaa, ardhi yake changarawe tupu kama ilivyo sehemu kubwa ya Singida, na milingoti miwili yenye duara za nondo zilizokwisha pinda. Nazungumzia miaka ya mwisho ya tisini. Wavulana walikuwa na mpira wa ngozi. Wetu wa pete ulipopasuka, hakuna aliyekuwa na haraka ya kununua mwingine, na siku za michezo tukabaki na kiwanja kisicho na mchezo.

Ndipo tulipoanza kucheza chandimu. Mpira tuliusuka wenyewe: ndani matambara, juu yake mifuko ya nailoni, kisha kamba ya katani ikizungushwa na kupigwa mafundo mpaka ikakaza. Mpira wa namna hiyo haudundi, ukianguka umeanguka. Magoli yalikuwa mawe mawili kila upande, na mawe ni kitu ambacho Singida haijawahi kukosa. Idadi ya wachezaji ilitegemea nani hana zamu ya kuteka maji au kumwagilia bustani ya shule, lakini mara nyingi tulikuwa wanne kwa wanne au watano kwa watano. Zaidi ya hapo mlianza kugongana.

Ua wa minyaa ulikuwa na sheria yake. Utomvu wa mnyaa ukikuingia jichoni unaweza kukupofusha, na jambo hilo tulionywa tangu tukiwa tunatambaa. Kwa hiyo aliyepiga mpira ukavuka ua alilazimika kuzunguka hadi lango la shule kuufuata, huku wenzake wamesimama wanamzomea kwenda na kurudi. Hakuna aliyependa kupiga juu. Pasi zetu zilikuwa za chini, fupi, za haraka, na aliyebanwa hakuwa na pa kukimbilia, ilimbidi ageuke na mpira pale pale.

Changarawe nayo ilikuwa mwalimu. Mpira ukija kwa kasi juu ya kokoto, ukautegea ubavu wa mguu kama wanavyofanya wa kwenye nyasi, hujui utarukia wapi. Unaukanyaga. Unaweka unyayo juu yake, unausubiri utulie, na mtu akija mzimamzima unauvuta nyuma apite zake. Rafiki yangu mmoja, binti wa fundi cherehani, alikuwa akiuburuza kwa unyayo kumzunguka mtu huku anaongea na mwingine. Alikuwa akitupiga matobo tunacheka. Siku hizi ana duka la vipodozi Manyoni, na nikimkumbusha habari hizo anasema magoti ndiyo yanayokumbuka, si yeye.

Mama hakuwa na ugomvi na mpira. Ugomvi wake ulikuwa na sketi. Sketi ya shule ilikuwa moja kwa mwaka, na kila niliporudi imefumuka pindo alikuwa akiishona kimya kimya, kisha siku moja akanikabidhi bukta kuukuu ya kaka yangu. "Vaa hii ndani, mwanangu, hiyo sketi uivue ukifika kiwanjani. Na baba yako asiione kwenye kamba." Hayo ndiyo yalikuwa maendeleo ya soka la wanawake nyumbani kwetu kwa muongo mzima. Shangazi alikuwa mkali zaidi. Kwake yeye msichana anayekimbiza mpira alikuwa anajitafutia ugumba, na alilisema hilo mbele ya wageni.

Mjini uwanja mkubwa uliitwa Namfua. Leo unaitwa Liti, jina la mwanamke wa Kinyaturu ambaye wazee wetu husimulia kwamba aliwakabili Wajerumani kwa kuwaachilia nyuki. Jina limekaa vizuri kwenye ukuta. Ila mimi, katika miaka yangu yote ya kulipa kiingilio pale, nimekwenda kutazama wanaume. Singida United walipopanda Ligi Kuu msimu wa 2017/18 mji mzima ulihamia uwanjani. Mwaka 2018 wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho, wakafungwa 3-2 na Mtibwa Sugar kule Arusha, na mwaka 2020 wakashuka. Baada yao tumeshangilia Singida Big Stars, tukashangilia Singida Fountain Gate, sasa tunashangilia Singida Black Stars. Kila jina likibadilika wauza jezi wanatajirika.

Habari za wanawake zilitufikia kwa vipande, redioni. Timu ya taifa ya wanawake, Twiga Stars, ilikwenda Afrika Kusini mwaka 2010 kucheza fainali za Afrika, nami nilikuwa chuo cha ualimu, tukazisikiliza mechi hizo bwenini kwa redio ya betri. Ligi Kuu ya Wanawake ikaanza msimu wa 2016/17 na Mlandizi Queens wakawa mabingwa wa kwanza, kisha zikaja zama za JKT Queens na Simba Queens kupokezana. Mwaka 2022 wasichana wa chini ya miaka 17 wakaenda India, wakaifunga Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali ya Kombe la Dunia. Hapo ndipo nilipoona wazazi wa kiume wakija shuleni kuuliza kama mazoezi ya mpira yapo na kama binti anaweza kuandikishwa. Shangazi alikuwa bado hai. Alinyamaza.

Wakati huo mimi mwenyewe nilikuwa mwalimu wa sekondari, nikiwa na jukumu la timu ya wasichana kwa ajili ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Ratiba ya uwanja mkubwa ilitupa sisi siku moja kwa wiki, na siku hiyo ilikuwa na bahati mbaya ya kuangukiwa na mikutano, mahafali na ugeni wa mkaguzi. Nikawapeleka wasichana kwenye kiwanja cha pete, si kwa falsafa yoyote, kwa kuwa ndicho kilichokuwa wazi. Wakafanya yale yale tuliyofanya sisi: wakaukanyaga mpira, wakapiga chini, wakageuka mahali pembamba. Tofauti ni kwamba mpira wao ulikuwa wa dukani, na unadunda. Niliupunguza upepo.

Mpira wa mahali pembamba una mchezo wake rasmi, futsali, na una umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Ulianzia Montevideo, Uruguay, mwaka 1930, mwalimu Juan Carlos Ceriani alipotafuta namna ya kuwachezesha vijana ndani ya ukumbi. Wanaume wakapata Kombe lao la Dunia la FIFA mwaka 1989 huko Uholanzi. Wanawake wakasubiri miaka 36. Kati ya 2010 na 2015 kulikuwa na mashindano ya dunia yasiyo ya FIFA, Brazili wakayachukua yote, kisha kimya. FIFA ilipotangaza kwamba Kombe la kwanza la wanawake litachezwa Ufilipino mwishoni mwa 2025, mashirikisho ya mabara yakalazimika kutafuta wawakilishi haraka, na la Afrika, CAF, likaandaa kwa mara ya kwanza fainali za Afrika za futsali ya wanawake, Rabat, Aprili 2025. Nafasi za Afrika zilikuwa mbili. Mtu akifika fainali amefuzu.

Shirikisho letu la soka, TFF, likakusanya timu. Ligi ya taifa ya futsali ya wanawake hatukuwa nayo, kwa hiyo walichukuliwa wachezaji wanaocheza soka la kawaida katika Ligi Kuu ya Wanawake, wakawekwa chini ya kocha Curtis Reid, wakafundishwa mchezo ambao sheria zake nyingi walikuwa hawajawahi kuzitumia. Kuna wasomaji watakaosema hiyo ni fedheha. Mimi naona ilikuwa kazi kubwa iliyofanywa kwa muda mfupi. Mchezaji wa uwanja mkubwa amezoea kupumua: akitoa pasi anatembea kidogo. Kwenye futsali hakuna pumzi. Uwanja ni mita 40 kwa 20, wachezaji watano kila upande akiwemo kipa, vipindi viwili vya dakika 20, na saa inasimama kila mpira unapotoka, hivyo dakika 20 zinaweza kuchukua karibu mara mbili yake. Mpira ukitoka pembeni unarudishwa kwa mguu, na una sekunde 4 tu za kufanya hivyo. Wachezaji wanaingia na kutoka bila kumsubiri mwamuzi, mara ngapi upendavyo. Mpira ni namba 4, na kwa sheria ukiudondosha kutoka mita 2 haupaswi kuruka zaidi ya sentimita 65.

Niliposoma kipimo hicho cha mwisho nilicheka peke yangu ofisini. Ule wetu wa nailoni na katani usingefika hata hapo.

Sisemi kwamba waliokwenda Rabat walilelewa na kokoto za Singida. Ninachosema ni kwamba nchi hii ina wasichana wengi waliojifunza mpira mahali pembamba kwa sababu mahali papana palikuwa na wenyewe, na kocha yeyote akipewa wasichana hao anakuta nusu ya kazi imeshafanyika miguuni. Nusu ya pili ndiyo ngumu, nitaifikia.

Kundi letu lilikuwa na Madagaska na Senegali. Tukaongoza. Nusu fainali tukakutana na Kameruni, taifa ambalo kwenye soka la wanawake limekwenda Kombe la Dunia la uwanja mkubwa mara mbili, 2015 na 2019, sisi tukitazama. Tukawatoa. Jioni ile ile Tanzania ikawa imefuzu, na ikawa timu ya kwanza ya wakubwa ya nchi hii, ya wanaume au ya wanawake, kwenda Kombe la Dunia la FIFA la aina yoyote. Wanaume wenye viwanja vyote vikubwa hawajafika huko.

Fainali ilikuwa tarehe 30 Aprili, dhidi ya wenyeji Moroko. Na hapa Singida usiku ule hakukuwa na kitanda. Kesho yake ilikuwa Mei Mosi, na mwaka 2025 sherehe za kitaifa zilikuwa kwetu. Wafanyakazi walikuwa wamemiminika kutoka kila mkoa, nyumba za wageni zimejaa mpaka za Misuna, kuku wa kienyeji wamepanda bei, na fulana za vyama vya wafanyakazi zimezagaa barabarani. Kwangu walilala walimu wenzangu kutoka Tabora. Tukakaa uani na simu moja imeegemezwa kwenye chupa ya chai, intaneti ikikatika na kurudi, upepo wa Singida ukijaribu kuiangusha kila baada ya muda.

"Mbona huyu ametoka na mwamuzi hajapuliza?" akauliza mmoja wa wageni.

"Ndivyo ulivyo."

"Na yule ameingia lini?"

"Wewe tazama mpira, mwalimu mwenzangu."

Mama alikuwa ametandika mkeka pembeni, akiwa na dawa yake ya shinikizo la damu na kikombe cha maji. Alitazama kwa muda mrefu bila neno, kisha akasema, "Kiwanja chenyewe mbona kama kile chenu cha pete?" Nikamwambia ndicho, mama, ila kina sakafu. Akauliza kama wale wasichana wanalipwa. Nikamwambia sina hakika ni kiasi gani. "Basi waulize," akasema, kana kwamba nina namba zao.

Moroko si mchezo mdogo kwenye futsali. Wanaume wao wamechukua ubingwa wa Afrika 2016, 2020 na 2024 mfululizo, kwa sababu waliamua miaka mingi nyuma kujenga kumbi, ligi na makocha. Wanawake wao walikuwa nyumbani, mbele ya watu wao. Wakatushinda 3-2. Bao moja. Picha ilikwama mara ya mwisho sekunde chache kabla ya kipenga, ilipofunguka Wamoroko walikuwa wanakumbatiana, na wageni wangu wa Tabora wakaanza kukunja viti.

Asubuhi tulikwenda uwanja wa Bombadia. Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kitapanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai. Kelele zilizopigwa pale sijawahi kuzisikia kwenye bao lolote, na sitajifanya kwamba sikupiga na mimi. Mchana kutwa watu walipiga hesabu za mshahara juu ya vipande vya karatasi. Niliwataja wasichana wa Rabat kwenye meza ya chakula, mtu mmoja akasema "kumbe?", tukaendelea na asilimia.

Wasichana wangu ndio walioshika habari. Likizo ilipokwisha walikuja wameshaona vipande vya mechi kwenye simu za kaka zao, wanataka futsali. Tukachora mistari kwa majivu ya jikoni ya shule. Kiwanja cha pete kwa vipimo vyake ni mita 30.5 kwa 15.25, kwa hiyo tuliongeza kila upande mpaka tukakuta ua na baraza ya ofisi. Mkuu wa shule akatoka kutazama nini kinaendelea mbele ya dirisha lake, akarudi ndani.

Sekunde 4 ndizo zilizowasumbua na kuwafurahisha. Yeyote aliyekuwa nje alihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, na aliyeshika mpira akapaniki akaupeleka popote. Baada ya wiki kadhaa wakawa wanaurudisha kabla ya mbili. Kubadilishana wachezaji kulituletea ugomvi, maana msichana akitolewa kwenye soka la kawaida ni kama ameadhibiwa. Ilichukua muda mpaka wakaelewa kwamba unatoka ili upumue, na unarudi. Kuhusu unyayo sikuwa na la kuwafundisha.

Tatizo ni chini. Changarawe inakula viatu. Raba za mitumba, nzuri tu, zinaisha soli ndani ya muhula, na mtoto hawezi kurudi kwa mzazi kuomba nyingine kwa ajili ya mchezo ambao mzazi hajawahi kuusikia. Mtu akianguka tunatafuta maji ya chumvi. Kipa mmoja, mrefu, mwenye mikono ya kukamata kila kitu, aliacha baada ya kuchunika kiwiko mara ya tatu, na sikumlaumu. Futsali inadai kipa ajirushe chini mara nyingi kuliko wachezaji wote. Kwenye sakafu ya mbao anateleza na kunyanyuka. Kwetu anabaki na kidonda.

Hiyo ndiyo nusu ya pili niliyoisema. Novemba 2025, nchi ikiwa na mambo yake mazito na watu wengi hawana moyo wa michezo, timu ilikwenda Ufilipino. Mechi zilichezwa Pasig, pembeni mwa Manila, ambako saa zao ziko mbele yetu kwa tano, hivyo nilizifuatilia kwa kuibia kati ya vipindi. Tulipangwa na Ureno, Japani na New Zealand. Ureno walitufunga mabao mengi. Hao wana ligi ya futsali ya wanawake yenye klabu kama Benfica, na walikwenda mpaka fainali, wakafungwa na Brazili Desemba 7. Hatukuvuka kundi. Niliposikia watu wakicheka mtandaoni nilikasirika, maana waliokuwa wakicheka hawakujua kwamba dada zao hawa walikuwa na miezi michache ya mchezo huu dhidi ya watu wenye utoto mzima. Kuukanyaga mpira wanajua wote. Kuzunguka bila mpira, wachezaji wanne wakibadilishana nafasi kama wanaosukwa, hilo halitoki kwenye chandimu. Linatoka kwenye ligi, kwenye mechi ya kila wiki, kwenye ukumbi ambao haufungwi kwa ajili ya harusi.

Sijui kama kuna mtu mwenye bajeti anayewaza sakafu ya saruji kwa kila shule yenye kiwanja cha pete. Si kitu cha mabilioni. Ni mchanga, kokoto, saruji na fundi, na kokoto tunazo. Nimeliandika ombi hilo na kulipitisha ngazi zinazohusika, likapokelewa kwa heshima.

Shule zilipofunguliwa Januari tulialika shule jirani. Mwamuzi alikuwa mwalimu wetu wa hisabati, kijana mwenye kipenga kizuri na ujuzi wa soka la kawaida. Kipindi cha pili, sisi tukiwa nyuma kwa bao moja, msichana wetu akasukumwa karibu na katikati, mwalimu akapuliza na kuanza kupanga ukuta. Mtoto wa kidato cha pili akamfuata, mikono nyuma.

"Samahani, mwalimu. Hakuna ukuta. Hiyo ni ya sita."

"Ya sita ya nini?"

"Faulo, mwalimu. Kipindi hiki. Ikifika ya sita tunapiga bila ukuta, mita kumi."

Timu ya wageni ikaja juu: nani amehesabu? Hapo akainuka mwenzake kutoka kwenye benchi letu la tofali, akaonyesha fungu la kokoto alilokuwa akilipanga kila kipenga kinapolia dhidi ya wageni. Mwalimu wa hisabati akachutama, akazihesabu moja moja kwa kidole, watu wote wamemzunguka. Sita. Akapima hatua kumi kutoka golini, mpira ukawekwa. Kipa wa wageni akaanza kusogea mbele, wasichana wetu wengine wakapiga kelele kwamba anavunja sheria, na yule yule wa kidato cha pili akawageukia akawaambia wanyamaze, anaruhusiwa, mradi abaki mita tano kutoka kwenye mpira. Mwalimu akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa, naye akapuliza.